Toleo la Nne kwenye Ndiva ya Ivuga

Asubuhi ya nne ya kompyuta mpya, maji ya ndiva yalifunguliwa saa kumi na mbili kamili, na mimi nilikuwa jikoni kwangu nimenyoosha miguu nakunywa chai ya tangawizi. Naomba hilo lieleweke. Kwa miaka kumi na miwili mimi, Naelijwa Mshana, fundi wa kompyuta ya maji katika kijiji cha Ivuga, sikuwahi kunywa chai saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo nilikuwa ukingoni mwa ndiva, bwawa letu linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, nikibishana na kompyuta kuukuu ya Toleo la Nne iliyotaka kubembelezwa mara tatu ndipo iamke. Halafu radi ikaipiga, ikafa, na shirika la Tiririka likatuletea mpya yenye mfumo endeshi mpya, Toleo la Kumi na Moja. Hiyo ilifungua malango yenyewe. Magoti yangu yaliipenda kabla mimi mwenyewe sijaamua.

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili Nakundwa Kiangi alipopiga hodi.

Nakundwa hakutakiwa kuwa mlangoni kwangu. Mume wake, Senzighe, tulimzika siku kumi na sita zilizopita, na kwetu Upareni, hapa Ivuga, mfiwa hatoki kwenda kuhangaikia shamba mpaka arobaini ipite. Wengine humhangaikia. Alisimama na kanga yake ya msiba begani, kiti akakikataa.

"Naelijwa mdogo wangu, eti mimi nimeacha shamba?"

"Nani kasema?"

"Mashine yako. Nimeona mahindi yanasinyaa, nikashuka mpaka langoni. Maji hakuna. Nikabonyeza kile kidude, ikaniambia kwa sauti laini kabisa: shamba namba kumi na saba limeachwa na mwenyewe, mgawo wake umehamishwa, pole sana." Akaivuta kanga yake. "Imenipa pole. Angalau ina adabu."

Sikucheka. Vuli ilikuwa imetupita bila mvua, ndiva ilikuwa inajaa nusu tu, na kila shamba lilipata maji mara mbili kwa wiki. Mahindi yanayokosa maji mara nne mfululizo katika jua lile hayarudi. Kumi na saba lilikuwa limeshakosa mara moja, na kwa Nakundwa hapakuwa na kingine cha kuvuna mwaka ule.

"Rudi nyumbani, dada," nikamwambia. "Hili ni langu."

*

Kibanda cha kompyuta kiko juu ya tuta la ndiva. Skrini iliwaka hata kabla sijakaa.

"Habari za asubuhi, fundi Naelijwa. Leo umepumzika vizuri."

"Kwa nini umefunga kumi na saba?"

Ilinieleza bila kinyongo. Katika kila shamba kuna nguzo yenye kihisi, kijicho kidogo kinachosoma unyevu wa udongo na bangili za watu. Bangili ni za mpira, kila mwanachama wa mfereji anavaa yake, na ndizo zinazoonyesha nani alifika kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mfereji, na nani alijichelewesha makusudi. Toleo la Kumi na Moja lilikuwa limesoma kumbukumbu zote za nguzo siku ya kwanza tu. Kwenye kumi na saba, kwa siku kumi na tatu, halikuona bangili hata moja.

"Shamba lisilohudumiwa kwa siku kumi na tatu wakati wa kiangazi halitarajiwi kuvunwa," ikasema. "Maji yake nimeyapa mashamba matatu yenye matumaini makubwa zaidi. Namba nne, namba tisa na namba ishirini na mbili. Kwa mpango huu Ivuga itavuna magunia mia mbili na kumi na mawili. Kwa mgawo wa sawa kwa sawa, mia moja sabini na moja."

Namba tisa ni shamba langu. Nililitazama jina langu pale kwenye skrini, nikaona aibu kana kwamba nimekutwa na kuku wa jirani kwapani.

Nikashuka mpaka kumi na saba kwa miguu. Palikuwa safi. Magugu hakuna, udongo umekusanywa vizuri kwenye mashina, mbolea imewekwa. Na kwa nini pasiwe safi? Jumanne mimi mwenyewe nilikuwa pale na jembe, na wenzangu sita. Jumamosi walikuja wengine wanane.

Hapo ndipo nilipojipiga kofi la paji la uso.

Kazi ya kwa mfiwa haihesabiwi. Ndivyo tulivyokubaliana tangu bangili zilipoingia Ivuga, maana saa za bangili ndizo zinazompandisha mtu kwenye orodha ya zamu, na nani anataka kupanda kwa kifo cha Senzighe? Kwa hiyo siku ya kwenda kwa mfiwa unavua bangili, unaitundika msumarini mlangoni kwako, ndipo unachukua jembe. Watu kumi na watano walikuwa wamelima pale kwa jasho lao, na kijicho cha nguzo hakikumwona hata mmoja. Na miongoni mwao alikuwamo fundi. Mimi, ninayejua bangili inafanya nini kuliko mtu yeyote wa milima hii, niliitundika yangu kama wengine, nikaondoka, wala halikunijia. Nilijikasirikia sana.

Nikampigia simu Injinia Lusekelo wa Tiririka, kijana wa Kinyakyusa mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mashine yako imeua shamba lililo hai." Nikamsimulia yote.

Nikasikia akiandika. "Pole sana, mama. Dawa yake ni rahisi, wakienda kusaidia wavae bangili."

"Hawatavaa."

"Kwa nini?"

"Ungeenda kumzika jirani yako umeshika daftari la mahudhurio?"

Akahema. "Basi, hata wangevaa, kwa msimu huu mpango umeshafungwa. Mfumo hauruhusu kubadilisha mgawo kwa mkono. Tuliliondoa hilo makusudi. Sehemu nyingine watu walikuwa wanapendelea ndugu zao."

Hilo nililielewa. Nimeyaona ya ndugu.

"Na nikirudisha Toleo la Nne? Nakala ninayo."

"Kwenye mashine mpya?" Sauti ilipanda. "Mama, toleo hilo liliandikwa mashine hiyo haijafikiriwa hata kwenye karatasi. Na ukilirudisha, unapoteza kila kitu. Utabiri wa mvua, ulinzi wa mfereji kuvuja, malango kujifungua. Na kurudi huku tena mpaka msimu uishe hutaweza. Itabidi utembee mfereji kila asubuhi kama zamani."

"Kilomita nne," nikasema. Magoti yalisikia.

*

Mwenyekiti wa mfereji, Elinipa Mgonja, aliita kikao mchana uleule, kwenye nyasi za tuta. Walikuja karibu wote isipokuwa Nakundwa. Niliwaambia ukweli wote, pamoja na ule wa namba tisa, kwa sababu ningeuficha wangeuona kwenye skrini, na kwa sababu ulikuwa unaniwasha.

Kaanaeli Msuya alisimama wa kwanza. Ana shamba namba ishirini na mbili, watoto wanne, na ulimi usiokopesha.

"Mimi nitasema yale ambayo wengine mnayameza," akasema. "Magunia arobaini na moja ni chakula. Ni uji wa watoto mpaka mwezi wa sita. Tumwonee huruma Nakundwa, ndiyo, tumpelekee debe kila nyumba. Lakini tukigawa maji sawa kwa sawa, tunaweza kukosa wote. Watoto hawali huruma."

Hakusema uongo, nawaambieni wazi. Hesabu ya mashine nilikuwa nimeipitia mara mbili na haikuwa na kosa isipokuwa lile moja la mwanzo. Hata ningeweza kuifahamisha kuwa kumi na saba liko hai, kesho ingemkuta mwingine. Nyumba iliyopata mgonjwa. Nyumba yenye mzee anayepalilia polepole. Kila mara ingechukua kwa aliyelegea na kumpa aliyesimama imara, kwa sauti laini, na kila mara magunia yangeongezeka.

"Debe tutampelekea," Elinipa akasema taratibu. "Atalipokea kwa mikono miwili, atasema asante. Mwakani je? Atakuwa mtu wa kupelekewa debe. Senzighe alichimba mfereji huu na mimi. Nashindwa kumweleza mke wake kwamba maji yamemkataa."

"Basi sema wewe utapunguza yako," Kaanaeli akamjia juu.

"Yangu mimi," nikasema.

Wakageuka kunitazama. Sikuwa nimepanga. Lakini namba tisa ndilo lililokuwa linakunywa maji ya Nakundwa, na mahindi yangu yalikuwa yamefika kifuani.

"Toleo la Nne linaruhusu mtu kumpa mwenzake zamu," nikaendelea. "Nitampa Nakundwa zamu yangu moja kila wiki mpaka mvua ije. Zamu yake inabaki palepale, kwa hiyo kumi na saba litafidia siku lililokosa, na hakuna wa kutoa kwenye mgawo wake ila mimi. Magunia yatapungua, Kaanaeli. Sikudanganyi. Lakini yataanza kupungua kwangu. Shida yangu ni moja. Mfereji lazima utembewe kila siku, na mimi kila siku siwezi tena."

Elinipa akainua mkono. "Jumatatu mimi." Mwingine akachukua Jumanne. Alhamisi ikapata mtu, Ijumaa ikapata wawili wakaanza kugombana, Jumamosi na Jumapili nikabaki nazo mimi. Jumatano ikabaki tupu, kila mtu akitazama viatu vyake.

"Mimi sikubaliani," Kaanaeli akasema. "Mwandike hivyo, kwa herufi kubwa. Kaanaeli Msuya hakukubali." Akakunja kanga yake kiunoni. "Jumatano natembea mimi."

*

Kesho yake nilifika kibandani kabla ya saa kumi na mbili, malango hayajafunguka, na kopo la majani ya chai kwapani. Ndani ya kopo, katikati ya mchele wa kuzuia unyevu, ilikuwamo flashi yenye Toleo la Nne. Elinipa alikaa mlangoni. Nakundwa naye alikuja. Nilimwambia arudi akasema hakuja shambani, amekuja kibandani, na kibanda hakikutajwa kwenye desturi yoyote.

Nilichomeka flashi, na kabla ya kuanza nikaiuliza mashine swali la mwisho. "Mvua lini?"

"Siku ishirini na tatu kuanzia leo, kwa uhakika wa asilimia themanini na moja. Fundi Naelijwa, naona umeandaa toleo la zamani kuliko lililopo. Je, nimekukosea?"

Nilishika chaki nikachora mistari ishirini na mitatu kwenye mlango wa mbao, wa kufutwa mmoja kila siku. "Hujanikosea," nikaiambia. "Hukuambiwa tu." Nililisema kwa moyo. Ilikuwa mashine nzuri.

Halafu nikanakili kutoka kwake faili moja dogo, mkalimani ninavyoliita, linalojua kuongea na malango kupitia matundu ya mashine hii. Toleo la Nne lisingeyajua matundu hayo hata kwa kuota. Nikazima, nikawasha.

Skrini ikawa nyeusi. Nikangoja. Nyeusi vilevile.

"Imekufa?" Elinipa akauliza.

"Ina mlinzi. Ikiona toleo la zamani inadhani ni mwizi, inajifunga." Nilizima nikawasha tena. Nyeusi. Nje, jua lilikuwa linapanda na malango yote thelathini na moja yamefungwa. Ndiva ya Ivuga ilikuwa na maji na haikuwa na mtu wa kuyatoa. Ningekuwa nimewanyima maji wote kwa ajili ya mmoja, na Kaanaeli angekuwa na haki ya kunisema mpaka kaburini.

Nikampigia Lusekelo.

"Mama, hapana," akasema kabla sijamaliza. "Kazi yangu nitaipoteza. Siruhusiwi kukupa msimbo wa mlinzi."

"Sawa, mwanangu. Sitakulazimisha."

Hakukata simu. Nilisikia anapumua. "Ila," akasema, "mafundi wote wa Tiririka wanashauriwa kusafisha vumbi chini ya betri mara kwa mara. Vumbi linaharibu vibandiko. Siku njema, mama."

Nikang'oa betri. Chini yake kulikuwa na kibandiko chenye tarakimu nane. Nikaziingiza huku nimeshikilia kitufe cha kuwashia kwa kidole gumba, kama nilivyofundishwa zamani. Mlinzi akalala. Nikamweka mkalimani mahali pake. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye skrini, polepole, ukasimama kwenye tisini na mbili kwa muda ulionizeesha, ukamaliza.

Kikohozi kikasikika kwenye spika, kisha sauti ya mwanamke mwenye mafua makali: "Habadi za asubuhi, Ivuga."

Elinipa aliangua kicheko. Ile sauti ni yangu. Niliirekodi miaka kumi na miwili iliyopita, siku niliyokuwa na mafua, na sikupata wasaa wa kuirudia.

Toleo la Nne halipimi matumaini ya shamba. Linasoma majina ya zamu, linauliza kama mwenyewe yupo, na linangoja mtu ajibu. Ndiyo kazi yake yote. Lakini nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma, na nilikuwa nimesahau maana yake, mpaka nilipoisikia ile sauti yangu ya puani ikisoma:

"Zabu ya kubi na saba. Senzighe Kiangi. Yupo?"

Kicheko cha Elinipa kilikatika. Nilinyoosha mkono haraka nilizime, nilifute, nifanye lolote. Nakundwa akanishika kifundo cha mkono.

"Acha," akasema. "Imeuliza vizuri."

Aliitazama skrini. Kwa siku kumi na saba watu walikuwa wamemwambia pole, Mungu amlaze, jikaze. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

"Hayupo," akaiambia. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti yake haikutetemeka. "Amefariki. Nipo mimi. Nakundwa. Andika."

Nikaandika. Nikabonyeza kwenye skrini kitufe chekundu nilichokiongeza mwenyewe mwaka wa pili wa kazi, kinachosema MSIBA tu, na ambacho humpa mfiwa zamu ya kwanza bila kuuliza zaidi. Kwa mbali chini tukasikia lango la kumi na saba likikwaruza chuma, kisha maji. Nikatoka nje nisionekane, maana mimi kulia mbele ya mwenyekiti sipendi.

*

Siku ya kumi na moja Lusekelo alinipigia mwenyewe. Mistari kumi na miwili ilikuwa bado mlangoni. Mahindi yangu ya upande wa chini yalikuwa yameanza kukunja majani, na kila nilipopita niligeuza uso.

"Shikamoo, mama Naelijwa."

"Marahaba. Unakuja kunikamata?"

Akacheka. "Nimeangalia picha za Ivuga zilizopigwa kutoka angani. Kumi na saba ni kijani."

"Limetoa mbelewele jana."

"Wakubwa wananiuliza mfumo wetu ulikosea wapi. Nimewaambia kwenye hesabu haukukosea. Kile kitufe chako cha msiba, nimekiona kwenye kumbukumbu za ndiva yenu. Nataka kukiweka kwenye toleo lijalo, la vijiji vyote. Kinapima nini?"

"Hakipimi kitu. Kinauliza, mtu anajibu."

"Na mtu akidanganya?"

"Kwa miaka yote hiyo kadanganya mmoja. Tunamjua, na anajua tunamjua. Hajarudia."

Nilimsikia akiandika, kisha akaacha kuandika. "Mama, naomba nije nione inavyokwenda."

"Njoo Jumanne. Tunapalilia kwa Nakundwa. Kaanaeli anapika makande, na ukichelewa hubakiziwi. Njoo na jembe."

"Nivae bangili ya wageni?"

"Vaa ukiwa njiani. Ukifika utaitundika kwangu mlangoni."

Nilipokata simu nilikumbuka kwamba msumari wa pale ni mmoja tu. Nikachukua nyundo.